Wembamba wa Reli: Nano ni Nini, na Inatuhusu Vipi Sisi wa Nanyuki?

Waliosema usione wembamba wa reli, gari moshi hupita, walijua walilolisema. Sisi wa Nanyuki, pale reli itokayo Nairobi inapokomea, hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Katika makala haya ningependa kukueleza habari za vitu vilivyo vyembamba kuliko reli, kuliko uzi, hata kuliko unywele, lakini vinabeba mizigo ambayo vitu vikubwa haviwezi. Vitu hivyo huitwa vitu vya nano.

Neno hili siku hizi limekuwa wimbo. Pita mjini utalisikia: kioo cha simu cha nano, rangi ya gari ya nano, kichujio cha maji cha nano, hata krimu ya uso ya nano. Ukimwuliza muuzaji nano ni nini, atakujibu, "Ni teknolojia mpya, wewe chukua tu." Jibu kama hilo linaweza kukutoa pesa mfukoni, lakini halikupi maarifa. Mimi nina hoja moja tu ya kukueleza: kitu kikifanywa kidogo sana, tabia yake hubadilika, na inavyobadilika hutegemea umbo kilichopewa. Anayelijua hilo hadanganyiki kwa urahisi. Tena anaweza kuyaokoa meno ya mdogo wake. Utaniuliza, meno yanaingilia wapi hapa? Vuta subira, tutafika.

NANO NI UDOGO GANI?

Asili ya neno nano ni Kigiriki, na maana yake ni kibeti. Katika vipimo vya sayansi, nano ni sehemu moja ya bilioni. Basi nanometa moja ni meta moja iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Najua nambari za namna hiyo huingia sikio hili zikatokea lile, kwa hivyo tutumie mifano.

Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa nanometa 80,000 hivi. Kucha zako hurefuka takriban nanometa moja kila sekunde, yaani tangu uanze kusoma aya hii zimeshaongezeka nanometa kadhaa na hukuhisi lolote. Tukitaka mfano wa nyumbani, tuutazame mlima wetu. Kilele cha Batian kina urefu wa meta 5,199. Ugawanye urefu huo kwa bilioni moja, nawe utabaki na kitu kidogo kuliko chembe moja nyekundu ya damu. Basi tofauti iliyopo kati ya meta na nanometa ndiyo iliyopo kati ya Mlima Kenya mzima na kitu hicho kisichoonekana kwa macho.

Kwa kawaida wanasayansi hukiita kitu cha nano ikiwa angalau upande wake mmoja una kati ya nanometa 1 na 100.

Sasa, kwa nini udogo ubadilishe tabia? Sababu ya kwanza ni uso. Chukua kipande cha sabuni chenye umbo la mchemraba, sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita mraba 6. Kikate vipande vya milimita moja moja, uso unakuwa sentimita mraba 60, ingawa sabuni ni ile ile. Ungeweza kuendelea kukata mpaka kila kipande kiwe na nanometa moja kila upande, uso ungefika meta mraba 6,000, karibu sawa na uwanja mzima wa kandanda! Na kwa kuwa mambo mengi ya kemia hutendeka kwenye uso, kitu chenye uso mwingi hufanya kazi nyingi. Hata mama jikoni analijua hilo: gogo haliwaki kwa kiberiti, lakini vibanzi vya gogo lilo hilo vinashika mara moja.

Sababu ya pili inahusu elektroni. Ndani ya kitu kikubwa elektroni hutembea kama ng'ombe katika ranchi ya Laikipia. Zikifungiwa ndani ya nanometa chache, huwa kama ng'ombe waliotiwa zizini: haziendi zitakako, bali hutii sheria za zizi. Zizi likipunguzwa, rangi ya kitu inaweza kugeuka, na hata namna kinavyopitisha umeme.

UKUBWA NDIO MWAMUZI

Kabla hatujaendelea, twende kidogo pale kwenye ubao wa ikweta nje ya mji wetu. Utamkuta mtu ana beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti kinachoelea. Hatua chache kaskazini, maji yanazunguka hivi. Hatua chache kusini, yanazunguka vile. Wageni hupiga makofi, picha zikapigwa, pesa zikatolewa.

Je, nguvu inayotajwa pale ni uongo? La. Nguvu ya Coriolis ni ya kweli, nayo ndiyo inayozungusha tufani zenye upana wa mamia ya kilomita. Lakini ndani ya beseni, tena hatua chache tu kutoka ikweta ambako nguvu hiyo inakaribia sifuri, haiwezi kushindana na jinsi maji yalivyomiminwa na mkono wa mwenye beseni. Sayansi ni ya kweli, ila imepelekwa kwenye ukubwa usio wake.

Nimeutaja mchezo huu kwa sababu unatufundisha jambo kubwa: ukubwa ndio unaoamua ni nguvu gani itakayotawala. Katika tufani hutawala Coriolis. Katika beseni hutawala mkono. Katika nano hutawala uso na elektroni. Basi mtu akikutajia neno la kisayansi, mwulize kwanza: hilo hufanya kazi katika ukubwa gani?

PUNJE, UZI, UKURASA NA KIONDO

Wataalamu hugawanya vitu vya nano kwa kuhesabu pande: urefu, upana na kimo. Huuliza, ni pande ngapi zilizoachwa huru kupita kiwango cha nano? Jibu linaweza kuwa sifuri, moja, mbili au tatu. Kwa kuwa sisi ni Chama cha Kiswahili, mimi nimevipa vikundi hivyo majina ya nyumbani: punje, uzi, ukurasa na kiondo.

Punje ni kitu kilichobanwa pande zote tatu. Hakuna upande uliobaki huru, ndiyo maana huitwa cha kipimo sifuri. Mfano ninaoupenda ni dhahabu. Dhahabu ya pete ni ya manjano, sivyo? Lakini mwaka wa 1857 Michael Faraday, kule London, alitengeneza majimaji yenye punje ndogo mno za dhahabu, na majimaji hayo yalikuwa mekundu kama divai. Dhahabu ile ile, rangi nyingine! Leo wekundu huo uko zahanati. Ukipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, tone la damu huwekwa kwenye kijisanduku cha plastiki, kisha mnangojea mistari. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, mstari unaojitokeza ni punje za dhahabu za nano zilizokusanyika mahali pamoja. Punje hizo zimebandikwa kingamwili zinazonasa alama za vijidudu. Wengi wetu tumeshaitazama dhahabu usoni tukidhani ni wino.

Punje nyingine ni zile ziitwazo nukta za kwanta, zilizowaletea Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2023. Nukta ndogo hutoa mwanga wa buluu na kubwa zaidi hutoa mwekundu, ingawa zimetengenezwa kwa kitu kimoja. Zimo katika baadhi ya televisheni za kisasa. Hapa ndipo utaona habari ya zizi: zizi dogo, rangi nyingine.

Uzi ni kitu kilichobanwa pande mbili, kikaachwa kirefuke upande mmoja. Mashuhuri ni mirija ya kaboni, ambayo Sumio Iijima wa Japani aliieleza mwaka wa 1991 na kuifanya ivume duniani. Mrija mmoja unaweza kuwa na kipenyo cha nanometa moja tu, ukawa mrefu mara elfu nyingi kuliko upana wake. Ni imara sana, na hupitisha umeme vizuri. Siku hizi mirija ya aina hiyo huchanganywa ndani ya betri za lithi ili umeme upite bila kukwama.

Ukurasa ni kitu kilichobanwa upande mmoja tu, yaani unene. Hapa huhitaji kwenda mbali, toa penseli yako. Ile nta nyeusi tunayoiita risasi si risasi, ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Grafiti ni kaboni iliyopangwa kurasa juu ya kurasa. Katika unene wa milimita moja zimo kurasa milioni tatu hivi! Unapoandika, unaziacha kurasa hizo kitabuni. Mwaka wa 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua grafiti kwa selotepu, wakabandua tena na tena, mpaka wakapata ukurasa mmoja wenye unene wa atomu moja. Huo ndio grafini, na mwaka wa 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Selotepu, jamani! Mwenye kusema kwamba sayansi ni ya vifaa vya bei ghali peke yake, na alitafakari hilo.

Ukurasa mwingine uko juu ya mapaa yetu. Umewahi kujiuliza kwa nini paneli nyingi za sola zina rangi ya buluu? Silikoni tupu hurudisha karibu theluthi ya mwanga unaoiangukia, na mwanga unaorudi ni umeme uliopotea. Kwa hivyo hupakwa utando wa kitu kiitwacho silikoni nitridi, wenye unene wa nanometa 70 hadi 80 hivi. Utando huo huuzuia mwanga usirudi, na buluu unayoiona ni sehemu ndogo inayoponyoka. Basi boma lenye sola limeshaingia katika nano zamani, ila hakuna aliyewaambia wenyewe.

Kiondo ni kitu kikubwa cha kushikika mkononi, lakini kimefumwa kwa vipande vya nano au kimejaa vitundu vya nano. Pande zote tatu ziko huru. Kama vile uzi wa mkonge unavyosokotwa na akina nyanya mpaka ukawa kiondo, ndivyo punje, nyuzi na kurasa zinavyoweza kukusanywa zikawa chombo. Mkaa uliotayarishwa maalumu kwa kuchujia ni kiondo cha namna hiyo: gramu moja yake inaweza kuwa na uso wa zaidi ya meta mraba 500 ndani ya vitundu vyake. Udongo mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil, nao ni magamba ya mimea midogo ya majini yaliyojaa vitundu, na hutumika kuchujia vinywaji.

Hebu sasa tazama kaboni peke yake: punje, uzi, ukurasa, kiondo. Kuna hata punje yake yenye atomu 60, iliyopangwa kama mpira wa kandanda, iliyogunduliwa mwaka wa 1985. Kitu ni kimoja, tabia ni nyingi. Ndiyo hoja yangu.

NYERI NAKO KUMEKUCHA

Kuna wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu na Wajapani. Hebu shuka nami mpaka Nyeri, safari ya matatu moja tu kutoka hapa. Pale kipo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwezi wa Desemba 2012. Katika bustani ya sayansi na teknolojia ya chuo hicho ndipo ilipowekwa kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, iliyoanzishwa na Anthony Githinji, Mkenya aliyejitosa katika kazi ya semikonda.

Semikonda ni vitu kama silikoni, ambavyo havipitishi umeme kama waya wala haviuzuii kama mpira, bali hukubali kuamriwa. Juu ya kisahani cha silikoni hupangwa kurasa nyembamba moja juu ya nyingine, zikachongwa mpaka zikawa transista. Chipu ya simu yako ina mabilioni ya transista, na baadhi ya sehemu zake zina upana wa nanometa chache tu. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto huko Washington, Marekani ilitangaza kwamba itashirikiana na Kenya katika mambo ya semikonda chini ya mfuko unaotokana na sheria yake ya CHIPS. Wenzangu mnaokimbia somo la Fizikia, mwaionaje hiyo?

SASA TUJE KWENYE MENO

Nilikuahidi meno. Nina binamu yangu aliyelelewa upande wa Gilgil. Ni msichana mcheshi kupindukia, lakini akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Meno yake yana mabaka ya rangi ya chai. Katika shule ya msingi wenzake walikuwa wakimtania kwamba hapigi mswaki, na mimi nawaambia anapiga mswaki kuniliko. Ubaya haukuwa kwenye mswaki. Ulikuwa kwenye maji ya kisima aliyokunywa utotoni.

Miamba ya volkano katika Bonde la Ufa na pande nyingine za nchi yetu ina floridi. Maji yanayokaa ardhini muda mrefu huinyonya. Floridi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo katika dawa ya meno, lakini ikizidi huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa kila lita. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1984, uliopima visima zaidi ya 1,000 humu nchini, ulikuta zaidi ya nusu vimepita miligramu 1 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa.

Utasema sisi tuna mito, Nanyuki na Likii, iteremkayo kutoka mlimani. Ni kweli, maji ya mto hayakai sana ndani ya mwamba, na kwa kawaida huwa na floridi kidogo kuliko ya visima virefu. Lakini kiangazi kikija, wote tunaona mito inavyokonda, na watu wanachimba visima. Kila kisima kina maji yake. Hakuna awezaye kujua kwa kuyaonja, maana floridi haina rangi wala harufu.

Na hapa kuna jambo ambalo naomba ulipeleke nyumbani leo leo: kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kuchemsha huua vijidudu, na tuendelee kuchemsha. Lakini piga hesabu hii. Una lita 2 za maji yenye miligramu 3 kwa lita, jumla miligramu 6. Chemsha mpaka zibaki lita 1.5. Floridi haikupaa na mvuke, bado ni miligramu 6, ila sasa ni miligramu 4 kwa lita. Umeikoleza!

Kitambaa pia hakifai, wala mchanga wa kawaida. Floridi imeyeyuka, ni ndogo mno kuzuiwa na vitundu vya mchanga. Haichekechwi kama pumba, lazima inaswe. Na kunasa ni kazi ya uso, na uso mwingi, kama tulivyoona kwa sabuni, ni kazi ya nano.

Njia moja ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika hewa kidogo, ikasagwa, na maji yakapitishwa humo. Mfupa umejengwa kwa fuwele ndogo za madini yaitwayo apatiti, zenye unene wa nanometa chache. Floridi ikikutana nazo, huingia na kukalia nafasi katika fuwele. Ni kiondo cha nano ambacho Mungu alikifuma ndani ya ng'ombe! Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianzisha mradi wa kutengeneza vichujio vya aina hiyo. Na ajabu ni hii: meno yetu nayo yamejengwa kwa apatiti. Kwa hivyo floridi itaingia katika mojawapo ya mifupa miwili: ule ulio ndani ya kichujio, au ule ulio mwilini mwa mtoto. Chaguo ni letu.

Njia nyingine imetoka kwa jirani zetu Watanzania. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Arusha, aliunganisha mchanga na vitu vya nano katika kichujio kimoja. Mchanga hufanya kazi ya mwanzo, kisha vitu vya nano hunasa kinachobaki. Ubora wa wazo lake ni kwamba kichujio hurekebishwa kulingana na maji ya mahali: penye floridi kinatayarishwa kwa floridi, penye metali nzito kwa metali nzito. Mwaka wa 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akapewa pauni 25,000. Kampuni yake aliiita Gongali Model, kwa jina la kijiji chake. Mtu kwao, wahenga walisema.

MASWALI MATATU KWA MUUZAJI

Basi ukienda dukani kununua kichujio cha nano, usibabaike. Muulize muuzaji maswali matatu, kwa adabu lakini bila kulegea.

La kwanza: kinaondoa nini hasa? Vijidudu ni kitu kimoja, floridi ni kitu kingine, tope ni la tatu. Chombo kinachoondoa kimoja si lazima kiondoe vyote. Akikujibu "kila kitu", jihadhari, umerudi kwenye beseni la ikweta.

La pili: maji yamepimwa wapi, kabla na baada? Usikubali glasi ya maji maangavu iwe ushahidi, kwa sababu floridi haionekani. Ushahidi ni karatasi ya maabara yenye nambari.

La tatu: kinajaa lini, na kubadilisha ni pesa ngapi? Uso ni mwingi lakini una mwisho. Nafasi zote zikishakaliwa, maji hupita yakiwa na floridi yake kama yalivyoingia, na kichujio hakipigi kelele kukujulisha. Familia inaweza kuendelea kukiamini mwaka mzima.

Tena dawa si lazima iwe nano. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Mfereji wa bati na tangi safi vinaweza kumfaa mtoto kuliko chombo chenye jina refu. Kujua nano vizuri ni pamoja na kujua wakati usioihitaji.

UDOGO NAO UNA MENO

Nisije nikaonekana kama ninayepigia debe. Kitu kinachoweza kupenya kwa wema kinaweza kupenya kwa ubaya. Masizi ya kibatari na moshi wa kuni vina chembechembe za nano, nazo hufika ndani kabisa ya mapafu, ndiyo maana jikoni kusiko na dirisha ni hatari. Mwaka wa 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni ikiingizwa ndani ya panya huleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutia titani dioksidi katika chakula, rangi nyeupe ambayo baadhi ya chembe zake ni za nano. Hapa tena umbo ndilo linalosema: mirija mifupi iliyojikunja haikuleta madhara yale yale.

NENO LA MWISHO

Wenzangu, kuna jambo moja limenikaa moyoni. Mabaka ya floridi hutokea wakati jino linapojengwa ndani ya ufizi, hasa tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka minane hivi. Sisi wa sekondari tumeshapita hapo. Binamu yangu akinywa maji safi kuanzia leo, mifupa yake itafaidika, lakini mabaka yale hayataondoka kwa maji. Wanaoweza kuokolewa ni wadogo zetu walio nyumbani sasa, wale ambao bado wanang'oka meno ya utoto na kuyatupa juu ya paa.

Kwa hivyo napendekeza kwamba Chama chetu kishirikiane na wenzetu wa Chama cha Sayansi. Likizo ijayo, kila mwanachama ambaye kwao wanatumia kisima alete chupa moja ya maji, iandikwe mahali yalipotoka, na walimu wetu watusaidie kuzifikisha maabara. Wao wa Sayansi watasoma nambari. Sisi wa Kiswahili tutaziandika kwa lugha ambayo mama, nyanya na mwenye duka wataielewa, kisha tuzibandike sokoni na kanisani. Maarifa yaliyofungiwa katika lugha asiyoielewa mwenye kuteka maji ni sawa na kichujio kilichofungiwa kabatini.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka minne. Chupa ya kwanza nitaileta mimi.